Kioo cha Waya na Kiuno cha Mama Rubani

Jumatatu, 6 Mei

Binti yangu ametengeneza televisheni! Salamu baadaye. Ametengeneza televisheni kwa mikono yake, kwenye meza yangu ya kushonea, kati ya cherehani na pasi!

Haya, sasa salamu. Hujambo, daftari. Mbele yako ni vipimo vya wateja, nyuma ni mambo yangu. Asiyehusika asifungue.

Sawa, si televisheni kamili. Ni kioo kidogo, ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa nyaya nane kwenye bodi isiyozidi kidole gumba. Binti anasema bodi hiyo ni kompyuta. Namwamini. Tangu ana miaka minne anafungua redio na kuzirudishia, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Waya, na mimi ni Mama Waya, jina ambalo sibadilishani na mtu.

Kazi ya kioo: kitakaa juu ya mlango wa jokofu la dawa kule zahanati na kuonyesha joto la ndani kwa tarakimu. Sasa hivi wauguzi wanafungua jokofu, wanachungulia kipimajoto cha zamani, wanaandika kwa kalamu kwenye karatasi ya ukutani. Muuguzi Mkuu amemwambia Waya alete kioo Jumamosi saa nne asubuhi. Kikitoa tarakimu ambayo yeye, na macho yake yale, anaisoma bila kuinuka kitini, nafasi ya fundi wa vifaa ni ya Waya. Kazi ya kudumu! Koti lenye mifuko! Mwaka mzima tangu amalize chuo cha ufundi anatengeneza pasi za majirani kwa ahsante.

Kisipoonyesha, nafasi anapewa mwombaji mwingine. Mwombaji mwingine ni mtoto wa Mama Rubani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Huyo Rubani hajarusha hata kishada. Alikuwa akipima mizigo uwanja wa ndege. Sasa yuko nyumbani, mama yake anasema ni likizo. Likizo ina mwezi wa saba.

Kwa hiyo Mama Rubani alipokuja kupimwa gauni nilimwambia televisheni. Nilitia chumvi kidogo. Akaomba kuiona. Kioo kilikuwa cheupe. Cheupe pee, kama shuka la wodini. Akauliza kinaonyesha nini. Nikamwambia mawingu.

Alipoondoka, Waya yuko nje anamsindikiza, nikakipangusa kile kioo. Kilikuwa na ngozi ya nailoni juu yake, yenye kilimi cha kijani cha kuvutia kwa kidole, kimejaa maandishi kama miguu ya sisimizi. Nikaibandua. Kioo kikang'aa! Ngozi nikaitupa. Kilimi nikakikata kwa mkasi, kizuri mno kutupwa, nikakibandika kwenye daftari hili kuonyesha ukurasa wa Mama Rubani. Kiuno: inchi arobaini na mbili.

Usafi nimezaliwa nao.

Jumanne, 7 Mei

Asubuhi namkuta Waya amepiga magoti chini ya meza. Anatafuta ngozi ya nailoni.

Akanieleza, maskini, kwa subira ile ya baba yake. Vioo hivi kwa nje ni ndugu, huwezi kuwatofautisha. Kwa ndani kila kimoja kina chipu yake inayokiendesha, na kila chipu ina namna yake ya kuzungumzishwa. Ukizungumza na moja kwa namna ya nyingine, haijibu. Inakaa na mawingu. Na jina la chipu huandikwa mahali pamoja tu: kwenye kilimi cha ile ngozi.

Akaniuliza kama nimekiona.

Nikajitia hamnazo. Nikauliza kilimi gani. Nikasema labda kimefagiliwa. Si uongo kabisa, kwa kuwa kitu chochote labda kimefagiliwa.

Sababu yangu ni nzuri. Mtoto ana wasiwasi wa Jumamosi, hafai kuongezewa hasira juu ya mama yake. Mpango: niende kwa muuza vipuri, nimbane anitajie jina la chipu, nirudi nalo kama mtu aliyefikiri mwenyewe. Waya ataniona mama mwenye akili. Kilimi kitabaki kwangu kama kumbukumbu.

Muuza vipuri ana duka jembamba kama kabati, na yeye mwenyewe amejaa ndani kama nguo. Nikamweleza. Akasema vioo vyote vilikuja mfuko mmoja, mchanganyiko, yeye hajui kipi ni kipi, anayetaka kujua asome kilimi. Nikamwambia kilimi kimepotea. Akaweka bisibisi chini. Akasema kuna watu hapa duniani wanaobandua vilimi, na ndio hao hao wanaobandua karatasi kwenye chupa za dawa, halafu wanapiga simu kuuliza wamekunywa nini. Nikamuunga mkono kwa nguvu. Nikasema watu hao wachukuliwe hatua.

Narudi nyumbani nikiwa nimeamua: kilimi nikiangushe mahali, akiokote mwenyewe. Nikafungua daftari.

Ukurasa hakuna!

Umechanwa. Na kilimi juu yake. Nikamuuliza Waya nani kagusa daftari. Hakuinua macho kwenye nyaya alizokuwa anaunga kwa solda. Akasema Mama Rubani alipita, akaomba kuangalia vipimo vyake, akaangalia, kisha kikasikika kitu kama karatasi, akaaga vizuri tu.

Ni ile arobaini na mbili. Imemuuma.

Jumatano, 8 Mei

Nimeenda kwa Mama Rubani. Miguu yangu haikutaka, niliiburuta.

Ugumu wa jambo lenyewe: ukurasa niupate, na yeye asijue kwa nini. Akijua tu kwamba kilimi kile ndicho kinachomweka Waya mbele ya mtoto wake, kesho kitakuwa kimeungua pamoja na takataka.

Alinikaribisha kama malkia. Rubani alikuwa amelala kwenye kochi, anapumzika kutokana na likizo. Mama yake akasema anafurahi nimekuja mwenyewe kuomba radhi. Akasema katika maisha yake hajawahi kutukanwa kwa maandishi. Akasema arobaini na mbili si kiuno, ni kipimo cha tangi la maji.

Nikasema huenda tepu yangu imesinyaa kwa uzee.

Akasema hilo ndilo alilokuwa anawaza. Yeye ni thelathini na sita. Alikuwa thelathini na sita siku ya harusi yake na hakuona sababu ya kubadilika. Nikamwangalia. Nikamwangalia tena. Kiti kilikuwa kinamwangalia pia.

Tukakubaliana. Mimi naandika thelathini na sita, naweka sahihi, naye anarudisha ukurasa. Akaniuliza mbona nautaka sana. Nikasema ni sheria ya ufundi, daftari la mshonaji haliruhusiwi kupungua kurasa. Hapo ndipo Rubani alipofungua jicho moja, akaonyesha kilimi, akauliza hicho cha kijani ni nini.

Nikasema ni nambari ya uzi.

Mama Rubani akakisogeza puani, akakisifu. Akasema ni rangi ya watu wenye uwezo. Basi gauni lake lishonwe kwa uzi huo huo.

Gauni ni la waridi.

Nikasema hakuna tabu. Nikaandika thelathini na sita, nikatia sahihi, nikatoka na ukurasa kama mwizi mwenye adabu.

Nyumbani nikakitupia kilimi karibu na kanyagio la cherehani, nikapiga ukelele wa kushangaa. Waya akaja. Akakiokota. Akautazama ukingo wake, ulikuwa umenyooka sana, unajua mkasi wangu ulivyo mkali. Akanitazama mimi. Akasema, "Ahsante, Mama."

Mtoto ana shukrani. Nimemlea.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimejifunza kompyuta. Naandika hapa ili wajukuu wajue.

Waya alinifungulia faili la mipangilio ya kioo. Ni orodha. Chipu moja mstari mmoja, ziko kumi na tatu. Karibu kila mstari mwanzoni una vijiti viwili vilivyoegemea upande, kama miti iliyopigwa na upepo. Mstari wenye vijiti umelala, kompyuta inauruka bila kuusoma. Usio na vijiti uko macho. Kazi ni kuuamsha mmoja ule wa kilimi na kuulaza wa zamani. Ameuamsha, ameulaza. Nikamsifu. Akasema kabla ya kujaribu anakwenda zahanati kupima mlango wa jokofu, na mimi niangalie pasi ya solda isiangukie nguo. Akasema, "Mama, kompyuta usiguse."

Sikugusa. Niliangalia tu. Na kuangalia kukanifanya nifikiri.

Mistari kumi na miwili imelala! Mchana kweupe! Kuna kazi ya Jumamosi, mtoto anahangaika, na kumi na wawili wamejifunika vijiti wanasubiri mwenzao mmoja afanye yote. Katika nyumba yangu hilo halijawahi kutokea. Mimi nikiamka, kila mtu anaamka.

Nikavifuta vijiti vyote. Kimoja kimoja, kwa kidole kimoja. Nikahifadhi, alama yake naijua. Nikaona orodha imekaa safi, imenyooka, hakuna kijiti hata kimoja. Nikarudi kwenye gauni na moyo mweupe.

Waya akarudi, akabonyeza. Kompyuta ikatapika maandishi mekundu kutoka juu hadi chini. Akabonyeza tena. Ikatapika tena. Uso wa mwanangu ukawa kama wa mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Akachomoa nyaya nane, akazirudisha nane. Akabadilisha kebo. Saa mbili nzima.

Mimi nikasaidia nilivyoweza. Nikamchemshia chai. Nikasema labda ni umeme. Nikasema labda ni jicho la mtu, sitaji ukuta. Kuhusu vijiti nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Nilisubiri apoe kwanza, hakupoa.

Kisha akainama ghafla mbele ya kile kioo kikubwa cha kompyuta. Akasoma kitu pembeni. Akashusha pumzi. Akavirudisha vijiti vya mistari kumi na miwili, taratibu.

Na saa kumi alasiri, kikawaka!

Alihitaji picha ya kujaribia rangi. Nikampa ile yangu ya kitambulisho kabla hajamaliza kusema. Nikatokea kwenye kioo. Buluu. Buluu kama ndoo, na kichwa chini miguu juu, ingawa miguu haikuwemo pichani. Mzee wangu akaingia, akainama kuangalia, akauliza ni nani huyu aliyezama. Akaambiwa ni mkewe. Akauliza mpira unaanza saa ngapi.

Waya akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Akasema nyekundu na buluu zimebadilishana viti, akazirudisha, nikapata rangi yangu. Akabadilisha namba moja, nikalala ubavu. Akaibadilisha tena, nikasimama. Nilipendeza! Nikasema picha hiyo ibaki, itangulie kila kioo kinapowashwa, kabla ya tarakimu, wagonjwa wajue fundi ametoka kwa nani.

Akasema hapana, nafasi kwenye bodi ni ndogo. Akaweka vijiti viwili mbele ya mstari wangu.

Nikalazwa. Hivi hivi naona.

Ijumaa, 10 Mei

Gauni la waridi limekwisha, kiuno thelathini na sita, uzi wa kijani. Ukilitazama kwa mbali linafanana na tikiti maji lililopasuliwa. Mama Rubani amelichukua, hakulijaribu mbele yangu. Amesema atalivaa kesho kule zahanati.

Ndiyo, anakuja zahanati. Nimemwalika. Nimewaalika wote wa mstari wetu wa nyumba, kumi na mmoja. Furaha haifichwi. Waya hajui bado.

Pia hajui zawadi yangu. Kisanduku chake cha kioo ni plastiki tupu, kinatia aibu, kama mtoto aliyetoka bila shati. Asubuhi, wakati anakunywa chai, nikapima kioo kwa tepu. Tarakimu zilikuwa zimesimama kwa urefu, nyembamba. Nikakishonea kava. Pamba nzito, lesi pembeni, vifungo viwili, na mbele dirisha jembamba la kusimama, limepindwa vizuri kuzunguka kioo. Kazi ya saa tatu. Hata ndani nimetia bitana.

Mchana Waya alisema kitu akiwa mezani kuhusu kukilaza kioo ubavu ili tarakimu ziwe pana, kwa ajili ya macho ya Muuguzi Mkuu. Cherehani ilikuwa inaunguruma. Nikasema ndiyo, mwanangu. Huwa nasema ndiyo, inampa moyo.

Jioni alikaa na kile kioo mapajani bila kukiwasha. Nikamuuliza ana nini. Akasema akikosa hii, ataacha mambo ya bodi, atafute kazi yoyote, hata ya kuuza duka. Alisema polepole tu, kama mtu anayesoma kibao.

Nikaingia ndani nikaongeza lesi.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika viatu bado viko miguuni.

Chumba cha dawa kule zahanati ni kidogo: jokofu, meza ya Muuguzi Mkuu, karatasi ya ukutani, kitanda cha kupimia. Tuliingia watu kumi na watano. Muuguzi Mkuu aliuliza kama kuna ajali mahali. Nikamwambia ni familia. Waya akanitazama. Nilishughulika na mkoba.

Mama Rubani alisimama mlangoni na gauni la waridi. Alisimama wima. Hakuketi, hakuinama, hakugeuka. Aliongea kwa maneno mawili mawili. Rubani alikuwa nyuma yake na tai.

Waya akafunga kisanduku juu ya mlango wa jokofu, akachomeka umeme, akaingia nyuma ya jokofu kupitisha waya wa kipimo hadi ndani. Kioo bado kilikuwa cheusi, kinajiandaa. Nikaona ndio wakati wangu. Nikatoa kava. Nikakivalisha kioo, vifungo viwili, nikaivuta lesi. Chumba kikasema aah.

Kioo kikawaka. Katika dirisha langu ikatokea tarakimu moja, nene, nyeupe, ya kupendeza: 4.

Muuguzi Mkuu akafinya macho pale kitini pake. Akaisoma bila kuinuka. Nne. Akageukia karatasi ya ukutani, na wote tukageuka naye. Jumatatu asubuhi nne, jioni nne. Jumanne nne, nne. Wiki nzima nne, kwa mwandiko wa watu watatu tofauti, kama wimbo. Akasema vizuri sana, inalingana kabisa. Watu wakapiga makofi. Mama Rubani alipiga moja tu, kwa uangalifu.

Mimi nililia. Siwezi kukataa.

Waya akatoka nyuma ya jokofu. Akaliona kava. Akaiona ile nne. Hakutabasamu. Nikamwashiria kwa macho: tabasamu, mwanangu, tumepata! Alikuwa anaangalia lile dirisha langu, jembamba, la kusimama, na kioo chake nyuma yake kimelala ubavu.

Nadhani angeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo njia nzima. Kazi ilishakuwa yake, makofi yalishapigwa, nafasi ilikuwa mkononi.

Akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Akalivua kava.

14.

Kumbe nilikuwa nimeifunika moja!

Rubani akakohoa ndani ya tai. Mama yake akasema, kwa maneno mawili, "Kinadanganya hicho." Muuguzi Mkuu akasema karatasi imeandikwa nne leo saa moja asubuhi, na jokofu halipaswi kuvuka nane, kwa hiyo kioo kina hitilafu, pole binti.

Nikalichukua kava, nikalikunja mara nne.

Waya hakubishana. Akafungua jokofu, akaomba kile kipimajoto cha zamani. Kilikuwa nyuma ya makasha, kwenye kona. Akakishika kiganjani, akakikumbatia kwa mikono yote miwili kama kifaranga, akampa Muuguzi Mkuu. Nne. Akakiweka ndani ya kikombe cha chai ya moto ya Muuguzi Mkuu. Nne. Kimekufa siku nyingi, na nne yake mdomoni.

Kisha akapitisha kidole chini ya mlango. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka urefu wa shibiri nzima. Muuguzi Mkuu akainuka kitini. Akaingiza mkono mwenyewe, akagusa chupa za dawa, moja, nyingine, nyingine. Akauweka mkono wake shavuni. Akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Ningeondoka hapa nimeridhika na nne."

Mambo yakaenda mbio. Masanduku ya barafu yakaletwa. Dawa zilizoshukiwa zikatengwa, hakuna mtu kuzitumia mpaka zikaguliwe. Waya akaambiwa asiondoke. Majirani wangu wakabeba masanduku, wote kumi na mmoja, na nani aliwaalika? Mama Rubani akaombwa kushika mlango wa jokofu usijifunge. Akainama kidogo.

Mlio ulisikika mpaka kwa wagonjwa wa nje. Uzi wa kijani ulitoka wote, kutoka kwapa hadi nyonga. Nikamvalisha shuka la kitanda cha kupimia, nikamfunga kiunoni. Lilizunguka mara moja tu, kwa shida. Niliitazama dari.

Saa saba Muuguzi Mkuu akamwita Waya mbele ya watu. Akamwambia aje kazini Jumatatu. Akasema karatasi ya ukutani anaishusha leo.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mwanangu, kava ndani ya mkoba. Nikamwambia ukilitazama vizuri, kama si lile kava, hakuna ambaye angekikazia macho kioo kiasi kile. Tulipofika kona yetu akanishika mkono, kama alivyokuwa akinishika zamani tukivuka barabara.

"Mama, ile siku ya vijiti najua ni wewe. Faili huandika saa lilipohifadhiwa. Saa tano na dakika kumi, mimi nilikuwa zahanati."

Nikamuuliza na kilimi?

"Kilimi nilijua Jumatano, nilipouona ukingo wa mkasi. Nilisubiri tu uone aibu."

Nikamwambia aibu niliiona, ila ilikuwa inapita haraka. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akaniomba niape kwamba sitagusa tena. Nikaapa, mkono juu ya mkoba.

Jumapili, 12 Mei

Habari kubwa kuliko ya Jumatatu! Muuguzi Mkuu amepiga simu. Wakuu wa zahanati sita wanataka kukiona kioo. Wanakuja hapa, nyumbani kwetu, kwenye meza yangu ya kushonea, kabla hakijafungwa rasmi. Waya amekileta ili akisafishe mipangilio. Ameniomba mambo mawili: nisialike mtu, na nisishone kitu.

Nimemuelewa kabisa.

Mama Rubani alikuja saa nne, shuka la zahanati mkononi, limefuliwa. Hakutazama upande wa meza. Akasema gauni limemharibikia kwa sababu ya uzi, uzi wa kijani hauna nguvu, lakini yeye si mtu wa kinyongo, nimshonee jingine. Nikachukua tepu. Nikampima kwa haki. Arobaini na mbili na nusu. Akaniangalia usoni. Nikakumbuka ile karatasi ya ukutani, zile nne zote, na kile kipimajoto kilichokufa na maneno yake mdomoni. Nilikumbuka vizuri sana.

Nikaandika thelathini na sita. Angelia, na ni jirani.

Kwa kuwa tulipatana hivyo, ilikuwa vigumu kutomgusia habari za wageni. Na ukimwambia Mama Rubani umewaambia wote wa mstari wetu. Na ule mstari wa nyuma pia, wale wana viti.

Mchana Waya akatoka kwenda kununua mpira wa mlango. Kompyuta ikabaki wazi. Sikuwa na nia, nilikuwa nafuta vumbi. Nikajiona. Mstari wangu, ule wa picha yangu, umelala pale chini na vijiti vyake viwili. Wakuu sita wanakuja, nao watawasha kioo na kuona tarakimu tupu, kama kwamba kilizaliwa bila mama!

Niliapa kutogusa kompyuta. Nimegusa vijiti tu. Viwili. Halafu nikaona mistari ya juu yangu na ya chini yangu bado imelala, nikafikiria itajisikiaje, mmoja anaamshwa kwa wageni na wengine wanaachwa. Nikaiamsha yote. Nikahifadhi.

Na saa je? Nimeshafikiria hilo, mimi si mjinga. Nimeirudisha nyuma saa ya ukutani, ili tukibishana isijulikane.

Kava jipya limekwisha. Dirisha safari hii nimelikata la kulala, pana, kama alivyotaka mwenyewe. Waya anasema atakisimamisha tena kioo, nadhani, cherehani ilikuwa inaunguruma.

Basi ni Jumatano, tarehe 15, saa nne asubuhi. Wakuu sita, mistari miwili ya nyumba, Mama Rubani na gauni jipya, na mzee wangu, ambaye nimemwambia kutakuwa na mpira. Waje wote Jumatano.